Kibanda cha fundi wa mashine Mwembe Tayari: shilingi 900 na randa ikawaka

Randa yangu ya stima ilinyamaza Alhamisi saa nne asubuhi, ubao wa mvule ukiwa umefika katikati. Haikunguruma, haikutoa moshi. Nilikuwa nimeachia swichi ili nigeuze ubao, nikabonyeza tena, kimya. Kijana wangu wa kazi akaenda kuangalia soketi, akarudi akasema, "Mama, stima iko, feni inazunguka." Nikabonyeza mara ya tatu na ya nne, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu ndani.

Nina karakana ya useremala Kisauni, Mombasa, niliirithi kwa marehemu baba. Tunatengeneza milango, meza, viti vya barazani, lakini kinachotulisha ni samadari za harusi. Wiki hiyo nilikuwa na moja ya bibi harusi wa Mji wa Kale. Miguu imekwisha chongwa, nguzo ziko tayari, zimebaki mbao za ubavuni na za kichwani, na kitanda kilitakiwa kifike kwao Jumamosi kabla ya adhuhuri. Anayeujua mvule anajua maana yake. Nyuzi zake hupishana, hapa zinaelekea huku, shubiri moja mbele zinaelekea kule, na mara nyingine ndani mna chembe za chokaa ngumu kama jiwe zinazomega makali ya kisu. Kwa randa ya mkono aliyoniachia baba, ubao mmoja ni nusu siku. Nilikuwa na mbao sita.

Nikakimbilia duka moja linalotengeneza mashine. Kijana aliyekuwa kaunta akaichomeka, akabonyeza, akaitikisa karibu na sikio, akasema, "Amecha imeungua hii," yaani ile sehemu ya injini inayozunguka, iliyosukwa waya. Kuisuka upya shilingi 4,500, au ninunue randa mpya. Hakuifungua. Hakushika hata bisibisi. Nilitoka na mashine yangu kikapuni, nimeshaanza kuwaza nani wa kunikopesha.

Aliyenizuia ni jirani yangu anayeshona makochi. "Dada," akaniambia, "kabla hujatoa pesa mpelekee yule mzee wa balbu, Mwembe Tayari. Yeye akikwambia imekufa, basi imekufa kweli."

Kibanda chenyewe hakina kibao. Ukishuka matatu Mwembe Tayari, ingia vichochoro vya nyuma kwa wauza vyuma na spea, halafu uliza mzee wa balbu; hata wabeba mizigo wanamjua. Ni mlango mmoja wa mabati, meza iliyokuwa nyeusi kwa grisi, na ukuta mzima umening'inizwa grenda, drili, misumeno ya mviringo, mashine za msasa. Kila moja imebandikwa kipande cha tepu ya karatasi chenye tarehe na maneno mawili matatu kwa kalamu: "swichi", "kaboni", "mwenyewe kasafiri". Pembeni kuna kreti mbili za soda zilizopinduliwa. Hapo ndipo wateja wanakaa.

Nikaamkia, "Shikamoo ami." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Usiichomeke. Nipe habari yake kwanza."

Nimepeleka mashine kwa mafundi wengi tangu baba afariki, na sijawahi kuulizwa habari ya mashine. Huyu aliuliza kama daktari. Ilikufa ghafla, au ilikuwa na siku inakatakata? Nikakumbuka kwamba wiki nzima ilikuwa ikisita, unabonyeza mara mbili ndipo inashika, na mimi nikidhani ni stima ndogo ya jioni. Ilinuka? Alitaka kujua kama nilisikia harufu kali ya vanishi iliyoungua, kwa sababu waya za koili, zile zilizosukwa ndani ya injini, zimepakwa vanishi, na koili ikiungua pua ndiyo inayotangulia kujua. Nikasema hapana, ilinuka vumbi la mbao tu. Ukichungulia kwenye matundu ya hewa uliona cheche ndogo za samawati, au moto wa rangi ya chungwa unaozunguka duara zima? Cheche ndogo ni kawaida, duara la moto ni maradhi. Nikasema kwa siku za karibuni cheche zilikuwa zimezidi. Ukiipiga kofi kidogo huamka? Wakati mwingine, ndiyo. Na mwisho akauliza nani mwingine anaitumia, na ikiwekwa, inawekwaje.

Nikamwambia vijana wangu wawili huitumia, na kwamba jioni huzungushia kebo kwenye mwili wa mashine, wanaikaza, wanaiweka rafuni. Akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye tepu, akaibandika juu ya randa kabla hata hajaigusa kwa chombo. Baadaye nilisoma: "shingo? kaboni?" Alikuwa amekwisha kushuku mahali pawili kwa kusikiliza tu: pale kebo inapoingia kwenye mashine, na vile vipande vya kaboni vinavyopitisha stima kwenye injini.

Alianza na plagi. Akalegeza parafujo ya katikati, akafungua kifuniko, akanyamaza. Kisha akanigeuzia nione. Mahali pa fyuzi palikuwa na fyuzi iliyokufa, imeviringishiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

"Hii siyo fyuzi, mwanangu. Hii ni waya."

Sitasahau vile nilivyojisikia. Karakana yangu haina mvuta sigara, kwa hiyo mtu aliiokota pakiti barabarani, akaja akaifanya kazi hiyo mikononi mwangu, chini ya paa langu, na mimi sikujua. Kijana mdogo kuliko wote ana miaka kumi na tisa. Mamake alimleta kwa mkono wake akaniambia nimfunze kazi. Siku ambayo kebo ingechubuka na waya zikagusana, hakuna ambacho kingekatika pale kwenye plagi isipokuwa karatasi ile, na ile inaweza isikatike mpaka imeshapika kebo nzima, na vumbi la mbao limejaa chini. Mzee aliona nimebadilika uso, hakunisema. Alichukua chaki akaandika juu ya meza. Kibati cha randa kinasema wati 580. Stima yetu ni volti 240. Gawanya: haifiki hata ampia mbili na nusu. Akatoa fyuzi ya ampia 5 kwenye kikopo, akaipachika. Akasema zile za 13 zinazokuja na plagi nyingi ni za pasi na birika, vitu vinavyokula stima kwa wingi, na kwamba watu hupachika 13 kila mahali kwa sababu ndizo zinazopatikana upesi.

Nikadhani sasa ataichomeka. La. Akateremsha taa yake.

Na hii taa ndiyo inayofaa niieleze vizuri, maana ndiyo iliyompa jina. Ni balbu ya kizamani ya kioo, ile yenye uzi ndani, wati 100, imefungwa juu ya kipande cha ubao pamoja na soketi moja. Waya zimeungwa hivi kwamba stima lazima ipite kwenye balbu kwanza ndipo ifike kwenye soketi, na kutoka hapo kwenye mashine. Njia ya stima ikiwa imekamilika, kutoka plagi, kwenye swichi, kwenye koili na kaboni, mpaka kurudi, balbu inawaka. Ikiwa imekatika popote, balbu inabaki giza. Na ikiwa ndani ya mashine waya zimegusana pasipofaa, balbu inawaka tu kwa nguvu zake zote, hakuna kitu kinacholipuka. Kabla ya randa yangu alichomeka drili yake mwenyewe, akabonyeza, balbu ikawaka. Nikauliza ya nini. Akasema, "Ili ujue taa haidanganyi."

Kisha randa. Akaniambia nishike swichi, kile kitufe cha usalama kwanza halafu kifyatuo, nisiachie. Balbu, giza. Akaanza kuikunja kebo kidogo kidogo kwa vidole viwili kutoka upande wa plagi, kama avutaye tasbihi, macho yake hayaangalii kebo, yanaangalia balbu. Mita nzima, giza. Mita ya pili, giza. Alipofika pale kebo inapoingia kwenye mpini, kwenye ule mpira wa shingo, akaipinda kushoto, na balbu ikapepesa. Akaachia, ikazima. Akapinda, ikawaka. Mimi na mteja mwingine aliyekuwa kwenye kreti tukasema "Aa!" kwa pamoja.

Akachomoa plagi, na hapa alifanya jambo ambalo sikuwahi kuona fundi analifanya. Akanipa plagi niishike mkononi. "Vidole vyangu vikiwa ndani," akasema, "plagi iko kwako." Muda wote alipokuwa akifungua mashine nilikaa na pini tatu kiganjani. Karakanani kwangu sasa ndivyo tunavyofanya. Anayebadilisha kisu cha randa anampa mwenzake plagi, hata kama mwenzake yuko shughulini.

Alikata kebo shubiri moja kutoka shingoni, akaipasua kwa wembe. Nje mpira ulikuwa mzima, hauna hata mchubuko. Ndani, waya mmoja kati ya ile miwili nyuzi zake za shaba zilikuwa zimekatika zote, ncha zimekuwa nyeusi. Hivyo ndivyo zinavyokatika pale, uzi mmoja leo, uzi mwingine kesho kutwa, kwa kuzungushwa na kukazwa, na kwa tabia ya kunyanyua mashine kwa kebo yake kama unanyanyua ndoo. Wiki nzima ya kusitasita ilikuwa ni zile ncha zilizokatika zinagusana na kuachana. Nikauliza bei ya kebo mpya. "Ya nini? Kebo yako nzima. Mgonjwa ni hii shubiri moja." Akaitupa ile shubiri, akarudisha mpira wa shingo kwenye kebo iliyobaki, akasema nisikubali kamwe fundi auache nje, maana bila huo mpira nitarudi kwake baada ya mwezi. Nikamuuliza pia kwa nini kebo ina waya mbili wakati plagi ina pini tatu. Akanionyesha kwenye kibati alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine: mashine yenye alama hiyo imekingwa mara mbili kwa ndani, haihitaji waya wa ardhi. Miaka kumi na moja naitazama alama ile nikidhani ni nembo.

Hapo mtu mwingine angefunga mashine, achukue pesa, na mimi ningeondoka nikimshukuru. Mzee akasema, "Tumepata moja. Umenambia cheche zilizidi." Akafungua vile vifuniko viwili vidogo vya mviringo vilivyo ubavuni mwa injini, kulia na kushoto, kwa bisibisi pana. Kimoja kilitoka na springi yake na kaboni yake vizuri. Cha pili springi ilitoka, kaboni ikabaki ndani. Vumbi la mvule lilikuwa limeshikamana nayo na jasho la Mombasa mpaka likawa kama lami. Aliitoa kwa sindano ya kushonea magunia, akaziweka zote mbili kiganjani kwangu pembeni ya mpya. Mpya zilikuwa na urefu wa kiungo cha juu cha kidole changu cha shahada. Zangu, moja imebaki kama punje ya haragwe, nyingine ndefu kidogo na imeliwa upande mmoja tu. Kuna mstari mdogo umechorwa ubavuni mwa kaboni. Ikishaliwa kufika pale, muda wake umekwisha, na zangu mstari ulikuwa umepita zamani. Kaboni ndizo zinazosuguana na ile pete ya shaba ya amecha na kupitisha stima. Zikiwa fupi springi haina nguvu ya kuzisukuma, zinagusa na kuachana, ndiyo ile mashine inayoamka kwa kofi. Akanambia ziko kaboni nyingine zenye kipini ndani yake kinachosukuma na kuikata mashine kabisa zikifika mwisho, ili shaba isikwaruzwe. Watu wanatupa mashine kama hizo jaani wakidhani zimeungua, kumbe zinaomba kaboni.

Akabadilisha zote mbili. Hata ile ndefu kidogo hakuiacha, kwa sababu moja mpya na moja kuukuu hazisukumi sawa. Ya kwanza ilikuwa inabana kwenye nyumba yake. Akaipitisha kwenye msasa laini juu ya kioo, mara tatu, akaijaribu, mara mbili tena, mpaka ikateleza bila kucheza. Akapulizia vumbi kwa pampu ya baiskeli. Akasafisha pete ya shaba kwa mswaki mkavu.

Mwisho kabisa ndipo akaipima ile amecha ambayo asubuhi niliambiwa imeungua. Akachukua mita ya kupimia stima, akaweka ncha moja kwenye kipande kimoja cha shaba na nyingine kwenye kipande kinachofuata, akazunguka pete yote kipande kwa kipande akinisomea namba kwa sauti. Namba zilikuwa zinafanana kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha ncha moja kwenye shaba, nyingine kwenye chuma cha katikati: kimya, hakuna njia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. "Ingekuwa imeungua, hapa ungesikia kelele, au pale namba moja ingeruka." Akafunga. Akachomeka kupitia balbu, ikawaka. Akachomeka moja kwa moja, randa ikalia ile sauti yake ninayoijua hata nikiwa chumba kingine. Machozi yalinilengalenga, sioni haya kusema. Akaiacha izunguke bila kugusa mbao kwa dakika kadhaa ili kaboni mpya zijichonge kufuata mviringo wa shaba, akachungulia matundu, akaniita nami nichungulie: cheche ndogo za samawati, zimetulia.

Kaboni jozi shilingi 300, fyuzi 50, kazi 550. Jumla 900, nikatuma kwa M-Pesa. Kwenye tepu akaandika tarehe, "shingo, kaboni, fyuzi 5", akaibandika chini ya mpini. Hiyo ndiyo risiti yake.

Kijana aliyeweka karatasi ya sigara alijitaja mwenyewe jioni ile nilipoiweka mezani mbele yao. Fyuzi ilikuwa imekatika siku ambayo mimi niko kwa mteja, hadwea imefungwa, akaona aibu kukaa bure. Sikumfukuza. Nilimwonyesha ile shubiri ya kebo, niliyoiomba kwa mzee nikarudi nayo, tukakata nyingine pamoja, tukahesabu nyuzi. Sasa kuna kikopo cha fyuzi kimetundikwa ukutani karibu na soketi, na yeye ndiye mwenye dhamana ya kukijaza. Samadari ilifika Mji wa Kale Jumamosi saa tano kwa mkokoteni, maana gari halipiti uchochoro ule.

Tangu hapo nimemwendea au kumpigia mara tatu, kwa hiyo si bahati ya siku moja. Mara ya pili nilipeleka msumeno wa jigso uliokuwa unakataa kuwaka baada ya masika. Kebo nzima, kaboni nzima. Akafungua swichi, na ndani vile vidoto vya shaba vinavyogusana vilikuwa vimeota ukoko wa kijani. Akasema mashine za kijani anaziona sana kutoka kwa watengeneza mashua wa Likoni na Mtongwe na kwetu tulio karibu na maji: hewa ya chumvi inaingia, vumbi linaishikilia, shaba inaota. Wengine wakiona hivyo wanapuliza mafuta ndani ya swichi, na mafuta yanakamata vumbi zaidi, mwezi haupiti. Yangu alibadilisha swichi nzima kwa sababu springi yake nayo ilikuwa imelegea, na alinionyesha kabla ya kununua. Ushauri wake ulikuwa mashine isilale juu ya sakafu ya saruji, iwekwe kwenye sanduku lenye kifuniko, na ipulizwe vumbi kila jioni, siyo kila ikiharibika. Tunafanya hivyo.

Mara ya tatu sikwenda hata kwenda. Drili ilikuwa imekufa, nikampigia simu, bahati akashika. Akaniuliza nimechomeka wapi. Kwenye ekstensheni. Niichomeke ukutani. Ikawaka. Nichomeke taa ya meza kwenye ekstensheni. Haikuwaka. Alinifanya nitembee na ile taa soketi kwa soketi kwa dakika nne bila malipo yoyote, na akanionya kwamba ekstensheni ya rili ikitumiwa ikiwa imeviringishwa, na mashine kubwa imechomekwa, waya za ndani hupata joto mpaka mpira unalainika. Tuliifungua tukakuta hivyo hivyo. Fundi mwenye njaa angesema niilete drili.

Sasa kasoro zake, maana zipo na mtu aende akijua. Simu huishika akitaka. Akiwa na mashine imefunguliwa mezani hashiki, na sijui lini hana mashine imefunguliwa. Ijumaa hufunga kabla ya saa sita na harudi mpaka baada ya alasiri, na mara nyingine harudi. Hapokei mashine za betri. Drili yangu ya betri aliitazama, akaipima betri kwa mita, akasema betri inatoa volti zake sawa, tatizo liko kwenye saketi iliyo ndani ya swichi, na hiyo hana vyombo vyake, akanirudishia bila kunitoza. Namheshimu kwa hilo, ila wenzangu wengi sasa wanahamia betri na watahitaji mtu mwingine. Hana dhamana ya maandishi. Na ni mzito: ukiwa wa nne kwenye foleni, hesabu nusu siku kwenye kreti ya soda, jua la saa nane likikupata miguuni kwa sababu bati limeishia njiani. Kuna kijana anamsaidia, mwepesi zaidi, na anafuata utaratibu ule ule wa plagi na balbu, lakini nimemwona mara moja akitaka kuruka fyuzi na mzee akamrudisha mwanzo mbele ya wateja. Ningependa pia aandike bei za kawaida ukutani, kwa sababu mgeni hajui na anaogopa kuuliza.

Jambo moja lilinikera kweli. Mashine ya msasa ya jirani yangu ilikaa pale siku tisa ikisubiri kaboni za saizi yake, na mzee hakupiga simu kusema hazijapatikana. Jirani alikwenda mara mbili bure, nauli ya kwenda na kurudi. Nilimwambia mzee mwenyewe, kwa adabu, kwamba mtu anayeishi kwa mashine moja siku tisa ni chakula cha nyumba. Akakubali, akasema nimesema haki, na safari hii naona tepu zake zina namba za simu za wenyewe. Sijajua kama anazipiga.

Ukienda, fika kabla ya saa tatu asubuhi. Usipeleke mashine peke yake. Peleka plagi yake kama ilivyo, usiikate, na kama unatumia ekstensheni ibebe pia. Kumbuka ilivyokufa: ghafla au kwa kusita, ilinuka nini, cheche zilikuwaje. Atakuuliza yote hayo kabla hajanyoosha mkono, na ukijibu vizuri unamwokolea muda. Kaboni zako kuukuu ziombe urudi nazo, uwaonyeshe unaofanya nao kazi mstari ulipo. Muuza kahawa hupita mwendo wa saa nne na birika lake, na kwa upande wa barabara kuna mama anauza viazi karai na chatini ya ukwaju ambayo itakusaidia kusubiri.